Kadi Tisini na Milango Mitatu

Sijui ni nani aliyewaambia kwamba mimi ni mtu wa kuandika. Mwalimu Mkuu mpya, kijana mwenye adabu zake lakini mbishi, amekuja kwangu mara tatu. "Bibi, tunatengeneza kitabu cha shule. Tuandikie habari za Mwalimu Mkuu aliyestaafu. Wewe ulikuwa naye miaka ishirini na miwili." Nikamwambia shule ina walimu kumi na saba waliosoma mpaka macho yakaomba miwani, mimi niliishia darasa la tatu, waandike wao. Akacheka, akasema, "Wao watatuandikia tarehe." Hapo akanipata. Maana kweli, wale watu ukiwaachia habari za mtu watakupa tarehe aliyoajiriwa, tarehe aliyostaafu na idadi ya vyoo alivyojenga, basi, mtu kaisha.

Nimekubali, lakini mtu asinisahihishe. Halafu katika habari hii yumo mfagiaji wa shule. Asiniulize mtu ni nani. Alikuwa mwanamke mwenye akili zake timamu na ufagio mzuri, na hayo yanatosha.

Mwalimu Mkuu huyo alikuwa mfupi, mnene kiasi, na mwendo wake ulikuwa wa mtu anayekimbilia kitu kinachoungua jikoni. Watoto walimwita Mama Kadi, naye alijua, na alijifanya hajui. Jina hilo lilitokana na kazi moja aliyoifanya kila mwaka kabla shule haijafunguliwa, kazi ya kuwagawa watoto wanaoingia darasa la tatu.

Darasa la tatu lilikuwa na watoto tisini, na vyumba vilikuwa vitatu: chenye mlango mwekundu, chenye mlango wa kijani na chenye mlango wa bluu. Sasa kugawa tisini kwa tatu hata mimi najua. Shule nyingine mwalimu huchukua orodha na kalamu, wa kwanza huku, wa pili kule, wa tatu pale, kama mtu anayegawa karanga, na chai haijapoa kazi imekwisha. Wengine hugawa kwa alama: wepesi huku, wazito kule. Mama Kadi alijaribu hilo la alama mwaka wake wa kwanza. Mwezi haukupita, akawasikia watoto wa chumba cha mwisho wakicheza uwanjani na kujiita wenyewe "sisi makapi", tena kwa furaha, kama jina la timu. Alirudi ofisini, akafunga mlango, akalia. Hakurudia tena.

Yeye mwenyewe alipokuwa mtoto aliwekwa nyuma ya nguzo. Mwaka mzima! Nguzo ya zege katikati ya darasa, na orodha ilisema akae pale, akakaa pale. Alijifunza nusu ya ubao. Mpaka anaolewa, mume wake, ambaye ni fundi saa, alikuwa akimtania: "Mke wangu anajua kila kitu cha upande wa kushoto." Ndiyo maana alipopewa shule aliapa kwamba hakuna mtoto atakayekalishwa mahali ambapo yeye hajapakalia kwanza.

Basi alifanya hivi. Siku ya mwisho ya darasa la pili kila mtoto alipewa kadi iliyokatwa kwenye boksi, akaambiwa, "Jichore." Hakukuwa na maelezo mengine. Kuna aliyechora mpira, kuna aliyechora ng'ombe, kuna aliyechora nyumba na yeye hayumo. Nyuma ya kadi Mama Kadi aliandika kwa penseli, kwa mwandiko wake mdogo kama chawa, yale aliyoyakusanya kwa walimu na wazazi: anasoma vizuri, anaongea kupita kiasi, haoni mbali, amefiwa, anaogopa wavulana. Likizo ikikaribia kuisha, madawati yalibebwa mpaka ukumbini, yakapangwa makundi matatu, kila kundi na kitambaa cha rangi ya mlango wake. Juu ya kila nafasi kadi moja, na juu ya kadi kipande cha chaki ili isipeperuke.

Halafu alikaa. Kila kiti. Tisini! Magoti yanagusa kidevu, gauni linashika misumari, yeye anakaa. Anageuka kushoto: huyu ni nani, ataniibia penseli? Anageuka kulia: huyu atanicheka? Ubao nauona? Mlango uko mbali kiasi gani nikibanwa na haja? Akiona kiti hakimfai mtoto, anaibadilisha kadi, na akibadilisha moja ni lazima abadilishe tatu, na hizo tatu zinavuta saba. Siku hizo alikuwa kama bibi harusi. Aliimba. Alisahau chakula. Mume wake alimletea chai kwenye chupa na kuipitisha dirishani, maana ukumbini ilikuwa marufuku kuingia.

Mwaka ninaousimulia mimi, kadi moja ilimkosesha usingizi. Ilichorwa kiatu. Kiatu kimoja tu, kizuri, na kamba zake zimefungwa.

Ilikuwa kadi ya mjukuu wa fundi viatu, yule mzee aliyekuwa na meza yake ubavuni mwa geti la shule. Mama wa mtoto alisafiri kwenda kutafuta kazi, akamwacha kwa babu. Tangu siku aliyoingia shule mtoto yule hakusema neno darasani. Si "ndiyo", si "hapana", si "naomba maji". Aliandika vizuri, mwandiko wa kupendeza, lakini mdomo ulikuwa umefungwa kama zile kamba za kiatu. Daktari alimtazama koo, akasema koo ni zima. Darasa la kwanza alirudishwa mwaka, kwa hiyo alikuwa mrefu kuliko wenzake wote, na urefu ule ulimfanya aonekane hata akijificha.

Na mwaka huo likaja agizo kutoka juu: kila mtoto wa darasa la tatu asome kwa sauti mbele ya wenzake kabla ya Ijumaa ya kwanza kwisha. Asiyesoma, arudi darasa la pili.

Babu yake aliposikia alifunga meza mchana, jambo ambalo halijawahi kutokea, akaja ofisini na gundi mikononi.

"Shikamoo, Mwalimu." Alikuwa mkubwa kuliko Mwalimu kwa miaka thelathini, lakini alimwamkia.

"Mzee, usinitie aibu. Shikamoo wewe. Kaa."

"Sikai. Nimeambiwa mtoto asiposoma kwa mdomo anarudishwa. Mwalimu, nilishamwona akirudishwa mara moja. Siku nne alikaa chini ya meza yangu na viatu vya watu, hataki kutoka. Akirudishwa tena mimi simleti. Nitamfundisha kushona soli. Hicho ni kitu ambacho hakihitaji mdomo."

"Hatarudishwa, Mzee."

"Unaniahidi?"

"Nakuahidi."

Yule mzee akampa mkono, akaondoka. Mama Kadi akabaki anautazama mkono wake uliobaki na gundi. Ahadi imeshatoka, na hana la kuiwekea miguu.

Akaingia ukumbini na kadi zake. Wiki mbili alipanga na kupangua. Mwishoni aliridhika hivi: kadi ya kiatu akaiweka mlango mwekundu, kwa mwalimu mwenye darasa linalosoma vizuri kuliko yote. Mwalimu huyo alikuwa mwanamke mrefu, mnyoofu, watoto walimwita Rula. Kiti cha mbele kabisa. Pembeni yake akamweka mtoto wa mkunga, msichana mpole asiyeweza kumtisha hata nzi. Mama Kadi alifikiri: kimya kikae na kimya, mtoto atulie, na akitulia atasema.

Nyuma kabisa ya kundi hilohilo akamweka Redio.

Redio lazima nimweleze. Huyo alikuwa binti wa mwenyekiti wa kamati ya wazazi, na jina hilo walimpa watoto wenzake kwa sababu hazimiki. Kwenye kadi yake alichora mdomo. Mdomo mtupu, wenye meno ishirini na nne, niliyahesabu. Baba yake alikwisha kusema mbele ya watu kwamba binti yake anataka mlango mwekundu na si mwingine. Mama Kadi hakupenda kuamriwa, lakini alimpa, akisema moyoni kwamba Rula peke yake ndiye anayeweza kumpunguza sauti. Hapo kila mtu alikuwa ametulia, mwenyekiti, mzee wa viatu na Mwalimu mwenyewe. Ilikuwa Jumamosi, na shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu. Mama Kadi akafunga ukumbi, akabandika karatasi mlangoni: USIINGIE, akaenda ofisi ya elimu kuchukua rejista na chaki.

Sasa mfagiaji.

Mfagiaji karatasi aliiona, na herufi kubwa alikuwa anazisoma bila shida. Ila aliona haimhusu. Hayo ni maneno ya kuwaambia wapita njia. Ukumbi ulikuwa na vumbi la wiki mbili, na yeye hakuwahi kufungua mwaka wa shule na vumbi, na hangeanza siku ile. Akaingia na ndoo. Ili afute madawati vizuri aliondoa vile vipande vya chaki, kimoja kimoja, akavitia kwenye mfuko wa aproni. Akanyanyua kila kadi, akafuta, akairudisha palepale. Kazi safi. Ilibaki mbao zikauke tu, na ili zikauke akafungua madirisha ya pande zote mbili.

Upepo haukubisha hodi.

Kadi tisini ziliruka kama kuku waliorushiwa jiwe. Zingine ukutani, zingine chini ya jukwaa, moja ikaingia ndani ya ndoo ikaogelea. Mfagiaji akafunga madirisha, akakaa chini, akasema maneno ambayo hayafai kwenye kitabu cha shule.

Mtu mwingine angefungasha virago. Yeye alianza kuokota. Mwandiko ule mdogo wa nyuma hakuuweza, lakini michoro ya mbele aliijua yote, maana miaka miwili watoto wale walikuwa wakipita mbele ya ufagio wake. Huyu wa ng'ombe ndiye anayemsubiri yule wa nyumba kila jioni getini. Hawa wawili wanakula kwenye kopo moja. Huyu asipokuja shule, yule anashinda amekaa ngazini. Mahali alipokumbuka kadi ilikuwa wapi, aliirudisha. Asipokumbuka, aliiweka kwa mtu wake. Hakuweka ovyo, na anayesema aliweka ovyo aje aniambie usoni.

Mama Kadi alirudi mchana, furaha imemjaa, rejista kwapani. Alifungua mlango ili azione kadi zake mara ya mwisho kabla hajaziandika. Akapita kundi jekundu. Akasimama. Akarudi nyuma hatua mbili.

"Nani ameingia humu?"

"Mimi," mfagiaji akasema, amesimama na ndoo yake wala hakujificha.

"Bibi! Kadi zangu!"

"Upepo."

"Upepo unajua kupanga kadi kwa mistari? Na chaki juu?"

"Upepo ulizitawanya. Kupanga nilipanga mimi."

"Kwa akili gani?"

"Yangu. Ulitaka niazime?"

Mama Kadi akatupa rejista juu ya jukwaa. Sauti ikampanda. "Wiki mbili, Bibi! Wiki mbili nimekaa kwenye viti hivi mpaka kiuno kimekufa! Nimemwahidi mzee wa watu! Mtoto wa kiatu yuko wapi? Nilimweka mbele hapa!"

"Yuko kule." Mfagiaji akaonyesha kundi la kijani, mstari wa tatu, dirishani.

Mama Kadi akaenda mbio. Kadi ya kiatu ilikuwa pale. Na pembeni yake, bega kwa bega, ilikuwa kadi ya mdomo.

"Umemweka na Redio?" Alishika kichwa. "Bibi, umemweka huyu mtoto na Redio! Si atammeza mzima mzima!"

"Kaa kwanza."

"Nini?"

"Wewe si unakaaga? Umekaa kwenye viti vyako vyote. Vyangu hujakaa. Kaa, mwanangu, halafu ndiyo ufoke."

Sijui kwa nini alikaa. Labda ni kwa uchovu tu. Alikaa kwenye kiti cha kiatu, magoti kidevuni, akageuka kushoto akautazama ule mdomo wenye meno ishirini na nne.

"Haya, nimekaa. Nimemezwa."

"Nani amemeza nani?" mfagiaji akasema. "Wewe hujawasikia nyuma ya tangi la maji."

"Kuwasikia kina nani?"

"Huyo Redio na huyo wenu asiyesema."

Mama Kadi akageuza shingo polepole.

"Bibi. Unasema huyu mtoto anaongea?"

"Anaongea? Anagomba! Kila mapumziko. Redio anamsimulia sinema, na Redio, wewe unamjua, anatia chumvi, anaruka, ya mwanzo anayaweka mwisho. Basi yule mwingine havumilii. 'Siyo hivyo! Jana ulisema kofia ilipotea kabla hajaingia dukani! Rudia!' Sauti kama kengele. Mimi nafagia pale, ni lini sijawasikia?"

"Miaka miwili unajua, na hukuniambia?"

"Uliniuliza? Umemuuliza daktari. Umewauliza walimu kumi na saba. Mwenye ufagio nani alimuuliza?"

Mama Kadi, nakuapieni, alicheka. Alicheka mpaka dawati likalia, akajaribu kusimama akakwama, ikabidi mfagiaji amvute kwa mikono miwili. Alipotoka hapo alikuwa kama aliyewashwa moto. "Njoo! Na huyu? Huyu umemweka hapa kwa nini? Na huyu?" Anakaa, anauliza, anaruka kiti kinachofuata. Walipita tisini zote. Chai ya mume ikapitishwa dirishani vikombe viwili.

Si kwamba mfagiaji alipatia kila kitu. Kwenye mlango wa bluu aliwapanga wavulana sita waliochora mpira, wote mstari mmoja, kwa sababu ni marafiki. Mama Kadi alikaa katikati yao, akasema, "Bibi, hawa wakikaa pamoja paa litaondoka." Wakatawanywa. Mfagiaji alikubali kwa shingo upande. Mpaka leo anaona wangekuwa sawa.

Lakini kiatu na mdomo vilibaki mlango wa kijani.

Jumatatu asubuhi orodha zilibandikwa, na kabla gundi haijakauka mwenyekiti alikuwa ofisini.

"Mwalimu, binti yangu yuko kijani! Kwa yule mwalimu kijana ambaye hata ndevu hazijamtoka!"

"Ndevu hazifundishi kusoma, Mwenyekiti."

"Tena amekalishwa na yule bubu!"

Mama Kadi akasimama. Alikuwa mfupi, lakini alijua kusimama. "Ana jina. Lipo mlangoni, kalisome. Na neno hilo usilirudie kwenye shule yangu."

"Nitaitisha kikao!"

"Itisha. Kiwe Jumamosi, maana Ijumaa nina kazi. Ijumaa njoo mwenyewe uone. Usiporidhika, binti yako anahamia mlango mwekundu, na dawati lake nitalibeba mimi kichwani, mbele ya watoto wote."

"Mbele ya watoto wote?"

"Na wimbo nitaimba."

Mwenyekiti akaondoka hajui kama ameshinda au ameshindwa.

Jumatatu mtoto hakusema. Jumanne hakusema. Jumatano yule mwalimu kijana wa mlango wa kijani, mwenye sauti ya taratibu, alikuja ofisini jasho likimtoka. "Mwalimu, mambo ni mabaya kuliko mwanzo. Nikimuuliza yeye, Redio anajibu. Nikimwambia Redio anyamaze, ananijibu, 'Lakini mwalimu, ameniambia nikwambie.' Sasa hana hata haja ya kujaribu." Rula alikuwa pale anachukua chaki, akasema bila ubaya, "Kwangu angalau angekuwa anakaa kimya chake mwenyewe."

Neno hilo lilimchoma Mama Kadi. Alhamisi nzima alipita getini kwa haraka asikutane macho na mzee wa viatu. Mfagiaji naye alifagia nyuma ya tangi mara nne, akawasikia wanagomba vizuri tu, akarudi kusema, "Anaongea! Dakika hii hii anaongea!" Mama Kadi akamjibu, "Bibi, nyuma ya tangi hakuna fomu ya kujaza."

Alhamisi mchana, watoto walipokwisha kutoka, aliingia mlango wa kijani, akaenda mstari wa tatu, dirishani, akakaa. Mfagiaji alikuwa anafuta ubao. Aligeuka kushoto, kiti cha Redio. Alitazama mbele. Halafu akaanza kuongea peke yake, polepole.

"Mimi ni mrefu. Wote wananiona. Mwalimu ananiuliza, wote wananigeukia. Nanyamaza... Redio anajibu. Anajibu sawa. Basi, yamekwisha, nimepona." Akapiga meza kofi. "Anajibu sawa! Bibi! Darasani Redio anajibu sawa, kwa sababu anaambiwa la kusema! Nyuma ya tangi anakosea!"

"Nilikwambia havumilii."

"Havumilii makosa! Kesho anatangulia nani kusoma?"

Kwa orodha, wa kwanza alikuwa mtoto wa kiatu. Mama Kadi alimkimbilia mwalimu kijana, akamkuta njiani na baiskeli. "Kesho aanze Redio. Asiandaliwe. Mpe kitabu palepale. Na yule mwingine ashike kitabu hichohicho, kimefunguliwa ukurasa huohuo. Usimguse, usimtazame, usimwambie 'jaribu'."

"Halafu?"

"Halafu tumwombee Redio awe Redio."

Ijumaa. Mimi nimeona harusi na nimeona timu ikirudi na kombe, lakini roho juu kama ile sijaiona. Rula alikaa nyuma ya darasa na fomu, maana agizo lilitaka shahidi wa darasa lingine. Mwenyekiti alisimama mlangoni na shati la kikao. Mzee wa viatu alikuwa nje dirishani, ameshika kiatu cha mteja na uzi unaning'inia, alisahau kukiweka. Mama Kadi alikuwa pembeni yake, na mfagiaji pembeni ya Mama Kadi, na ufagio, ili ionekane kuna kazi.

Redio akasimama. Habari ilikuwa ya tarishi anayepeleka barua. Akaanza kwa kishindo, sauti inafika getini, kidole hakipo kwenye mstari, macho yanatafuta watu. Kitabu kilisema tarishi alishuka mlima polepole, akiburuza miguu, kwa sababu breki ya baiskeli ilikuwa mbovu. Redio akasoma:

"Tarishi akapanda baiskeli, akashuka mlima mbioooo, akaanguka puu!"

Darasa likacheka. Redio akanogewa. "Barua zote zikaruka mtoni!"

"Hazikuruka!"

Kicheko kikakatika. Ilikuwa sauti kama kengele, kweli. Mtoto mrefu wa mstari wa tatu alikuwa amesimama bila kujijua, kitabu mkononi, uso umewiva kwa hasira.

"Hakuanguka. Wala mto haupo. Umeruka mstari!"

"Nimeruka wapi?" Redio akasema, tena kwa ubishi wa kweli, hata hakushtuka. Kwake hilo lilikuwa jambo la kila siku.

"Hapa! 'Alishuka mlima polepole, akiburuza miguu, kwa sababu breki ilikuwa mbovu. Kila alipofika kwenye kona alipiga kengele...'"

Na akaendelea. Agizo lilitaka mistari mitano. Akapita mitano, akapita kumi, akageuza ukurasa. Mwalimu kijana alisimama kama sanamu, mkono hewani, anaogopa hata kuushusha. Rula, mwanamke yule mnyoofu, penseli ilimdondoka ikabingirika mpaka mlangoni na hakuifuata. Mtoto alisoma mpaka tarishi akafika, barua ikafunguliwa, na habari ikaisha. Ndipo alipoinua macho, akaona watu ishirini na tisa wanamtazama. Rangi ikamtoka. Nje dirishani Mama Kadi alinikamata mkono, akaubana mpaka leo naona alama.

Redio ndiye aliyeokoa. "Sasa yangu ilikuwa nzuri zaidi," akasema. "Kwako hakuna hata aliyeanguka."

"Kwa sababu hakuanguka!"

Darasa zima likalipuka, na yule mtoto akacheka nalo.

Mwenyekiti aliondoka pale mlangoni akaja dirishani kwetu, ametoa macho. "Mwalimu," akanong'ona, "umeona? Binti yangu amekaa kimya kurasa mbili. Tangu azaliwe! Alikuwa anasikiliza!" Akafuta uso. "Kikao nimekiahirisha. Mwache hapohapo. Msimguse."

"Na dawati nisibebe?"

"Mwalimu, nisamehe."

Mzee wa viatu aliweka kile kiatu juu ya dirisha, akamshika Mama Kadi mikono yote miwili na gundi yake yote, akaitikisa, halafu akaenda mezani kwake akagonga misumari kwa nguvu mpaka jioni. Kiatu alikisahau. Mteja alikitafuta siku tatu.

Mfagiaji mmenigundua, najua, mikono imenisaliti pale dirishani. Haidhuru. Tangu mwaka ule mpaka anastaafu, Mama Kadi hakupanga kadi bila kuweka viti viwili ukumbini na chai vikombe viwili, na karatasi ya mlangoni iliandikwa: USIINGIE, ISIPOKUWA BIBI. Hiyo niliisoma mwenyewe bila msaada. Madirisha sikuyafungua tena. Na wale sita wa mpira kila mwaka wapo, wanazaliwa upya, na kila mwaka tulibishana.

Haya, nimeandika, vidole vinauma. Sasa zamu yako wewe uliyesoma. Chukua kipande cha boksi, usilete karatasi laini. Upande mmoja jichore. Upande wa pili andika darasa la tatu ulikaa na nani, na kama ubao uliuona. Andika herufi kubwa, macho yangu si ya jana. Ulete mwenyewe mpaka mkononi mwangu, usimtume mtu, na ukikuta sijamaliza kufagia utasubiri nje.